Maswali ya Wasomaji: Mtandao wa Meshi Ukikatika Vipande, Kisha Ukaungana Tena

Barua nyingi tulizopokea zinahusu mitandao ya meshi, ile ambayo kila ruta huzungumza na ruta jirani bila mnara wala kituo kikuu. Wengi wanauliza kinachotokea pale mtandao mmoja unapokuwa miwili, na hasa pale ile miwili inapokutana tena. Waandishi wengi wanatumia ruta zenye OpenWrt (mfumo endeshi wa ruta) na batman-adv (programu inayotafuta njia kati ya ruta), kwa hiyo majibu yameegemea huko. Kabla ya yote, shikeni jambo moja: mtandao hauungani kwa mkupuo. Redio huungana kwanza, kisha njia, kisha anwani, mwisho data, na kila tabaka lina mwendo wake. Anayesema "mtandao umerudi lakini haufanyi kazi" mara nyingi ana tabaka moja lililobaki nyuma, na kazi ni kujua ni lipi.

Ruta zinajuaje kwamba mtandao umekatika?

*Tuna ruta 11 kwenye mapaa ya mtaa wetu. Ile ya katikati ikikosa umeme, upande wa shule na upande wa zahanati havionani tena. Lakini nikiangalia jedwali, ruta zote 11 bado zimo kwa dakika kadhaa. Je, programu ina kasoro? (Msomaji, Morogoro)*

Haina kasoro. Hakuna ruta inayojua kwamba mtandao umekatika. Inachojua ni kwamba sauti za wenzake zimenyamaza, na ukimya huo unaweza kuwa umeme, mvua kubwa, au ruta moja tu ya katikati. Kila itifaki imejiwekea muda wa kuvumilia ukimya kabla ya kumfuta mwenzake. Katika batman-adv kila ruta hutoa tangazo lake kila sekunde 1. Tangazo lisiposikika, jina lenyewe hubaki jedwalini hadi sekunde 200. Kwa hiyo ukitoa amri `batctl o`, inayoonyesha jedwali hilo, usihesabu mistari. Soma safu ya muda wa mwisho kusikika. Ruta iliyonyamaza kwa sekunde 30 imo kwenye orodha, ila kwako haipo.

Itifaki nyingine zina subira tofauti. OLSR, kama ilivyoandikwa katika RFC 3626 (hati ya kanuni za intaneti) ya mwaka 2003, hutuma salamu kila sekunde 2 na kumwacha jirani baada ya sekunde 6 za ukimya. Habari za ramani nzima hutumwa kila sekunde 5 na kuishi sekunde 15. Babel hutuma salamu kila sekunde 4 na taarifa za njia kila sekunde 16, na njia isiyopata habari mpya hufa baada ya sekunde 56, ingawa kiungo kilichokufa kabisa hugunduliwa mapema kwa salamu zinazokosekana.

Wengi wakishaona muda huu wanataka kuupunguza. Fikirini kwanza gharama yake. Kwa ruta 11, kila tangazo hurudiwa na wenzake, yaani takribani matangazo 121 kwa sekunde mtandao mzima kabla hayajafungashwa pamoja. Ukishusha muda kuwa milisekunde 200, yanakuwa 605, na matangazo ya namna hii hupita hewani kwa kasi ya chini kabisa ya redio. Utagundua mkatiko upesi, na utakuwa umeusababisha wewe mwenyewe kwa kujaza hewa.

Dawa bora ni kuondoa utegemezi wa ruta moja. Chora ramani ya ruta na viungo vyake, kisha funika nukta moja moja kwa kidole. Nukta ambayo ukiifunika mchoro unagawanyika ndiyo inayohitaji njia ya pili, au angalau betri. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7 ina takriban Wh 84; ukitumia nusu tu ili isiharibike mapema, ruta ya wati 5 itadumu kama saa 8.

Nusu mbili zina jina lile lile, mbona hazikutani?

*Umeme ukirudi, upande mmoja unawaka na upande wa pili unawaka, jina la mtandao ni lile lile na chaneli ni ile ile, lakini hazionani mpaka nizime ruta zote na kuziwasha moja baada ya nyingine. (Msomaji, Kisumu)*

Swali la kwanza ni redio zako zinatumia mtindo gani: ule wa zamani wa ad-hoc, unaoitwa IBSS, au 802.11s.

Katika IBSS, jina unaloliona si utambulisho wa mtandao. Utambulisho ni BSSID, namba inayofanana na anwani ya MAC (namba ya kila kadi ya mtandao), ambayo ruta ya kwanza kuamka huitunga kwa kubahatisha. Nusu moja ikizimika yote na kuwaka bila kusikia nusu nyingine, itatunga BSSID mpya. Sasa kuna mitandao miwili yenye jina moja. Kiwango cha Wi-Fi kimeweka kanuni ya kuiunganisha: kila redio ina saa ya biti 64 inayohesabu mikrosekunde, na hutangaza saa hiyo ndani ya bikoni, yaani tangazo lake fupi la hewani, kwa kawaida kila milisekunde 102.4. Redio ikisikia bikoni ya jina lile lile yenye saa iliyo mbele kuliko yake, inapaswa kuacha BSSID yake na kuhamia ile nyingine. Kanuni ni safi; utekelezaji wake katika madereva mengi ya kadi za Wi-Fi si safi. Wengine hupuuza bikoni, wengine hurukaruka kati ya namba mbili.

Angalia kwa `iw dev wlan0 link` kwenye ruta moja ya kila upande. Zikionyesha BSSID mbili tofauti, umepata jibu. Acha kubahatisha, weka BSSID moja isiyobadilika kwenye ruta zote:

`iw dev wlan0 ibss join mtaa-mesh 2437 HT20 fixed-freq 02:12:34:56:78:9A`

Hapo 2437 ni chaneli ya 6 kwa megahezi. Herufi ya pili ya BSSID iwe 2, 6, A au E, ili isigongane na namba za viwandani. Jamii za Freifunk za Ujerumani zimetumia kwa miaka mingi 02:CA:FF:EE:BA:BE. Usiinakili hiyo isipokuwa kama kweli unataka mtandao wako uungane na wa mwingine anayeitumia.

Kama unatumia 802.11s, kiwango kilichopitishwa mwaka 2011, tatizo la BSSID halipo, kwa kuwa ruta huungana mbili mbili. Hapa vinavyopaswa kufanana ni kitambulisho cha meshi, chaneli, na nywila kama umeweka ulinzi wa SAE. Toa amri `iw dev mesh0 station dump` na utafute mstari wa "mesh plink". ESTAB maana yake wameshikana. Ukiona imekwama OPN_SNT, ruta yako inabisha hodi bila kujibiwa: ama nywila hazifanani, ama mwenzako anasikika kwako lakini wewe husikiki kwake. Na kama juu yake unaendesha batman-adv, zima usambazaji wa ndani wa 802.11s kwa `iw dev mesh0 set mesh_param mesh_fwding=0`, la sivyo mifumo miwili ya kutafuta njia itapingana.

Kuna sababu mbili nyingine ambazo watu hukaa nazo wiki nzima bila kuziona. Ya kwanza ni rada. Chaneli za 5 GHz kutoka 52 hadi 144 zinalazimika kuhamwa rada ikisikika, na chaneli iliyohamwa haitumiki kwa dakika 30. Upande mmoja ukisikia rada na mwingine usisikie, nusu moja inahama peke yake. Kwa kiungo cha uti wa mgongo, chagua chaneli kati ya 36 na 48, kwa masharti ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Ya pili ni toleo la programu. Batman-adv hadi 2013.4 inatumia muundo namba 14, na kuanzia 2014.0 namba 15. Hizi mbili hazisikilizani kabisa. Vivyo hivyo BATMAN IV na BATMAN V, kanuni zake mbili za kutafuta njia. Dalili yake ni kwamba `station dump` inaonyesha jirani kwa nguvu nzuri, lakini `batctl n`, orodha ya majirani, iko tupu.

Simu zinasema anwani inatumiwa na kifaa kingine

*Ruta zetu mbili zina intaneti, na kila moja inatoa anwani za 192.168.1.x. Tulidhani ni vizuri ili upande ukikatika uendelee. Zikiungana, simu zinagongana anwani. (Msomaji, Unguja)*

Wazo la kuweka lango (ruta yenye intaneti) na DHCP (huduma inayogawa anwani) kila upande ni zuri, msiliache. Kosa ni kuzipa seva mbili hodhi moja, yaani fungu moja la anwani. Wakati wa mkatiko kila seva ilitoa anwani kihalali, maana haikuwa na njia ya kujua mwenzake ametoa nini. Hesabu inatisha: nusu mbili zenye vifaa 20 kila moja, zikichagua kwa bahati ndani ya anwani 254, zina uwezekano wa zaidi ya asilimia 80 kwamba angalau vifaa viwili vitakutana na anwani moja. Tena DHCP haibahatishi hivyo. Seva nyingine huanza kuhesabu kutoka mwanzo wa hodhi, na hapo mgongano ni wa uhakika.

Fanyeni hivi. Mtandao wote uwe 10.20.0.0 na kinyago (namba inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja) 255.255.0.0. Lango la kwanza liwe 10.20.1.1 na litoe 10.20.1.10 hadi 10.20.1.250. Lango la pili liwe 10.20.2.1 na litoe 10.20.2.10 hadi 10.20.2.250. Kinyago kikiwa kimoja, vifaa vya pande zote huzungumza moja kwa moja mara tu njia zinapoungana, bila kubadilisha chochote, na hodhi hazigongani hata mkatiko udumu mwezi.

Kisha punguzeni muda wa kukodisha anwani. OpenWrt huweka saa 12. Kwa meshi inayokatika, dakika 10 zinatosha. Kifaa huanza kumwomba mwenyeji wake upya nusu ya muda, yaani dakika ya 5. Asipojibiwa, kuanzia dakika 8 na sekunde 45 huuliza seva yoyote inayosikika. Na dakika ya 10 huiacha anwani na kuanza upya. Kwa hiyo simu iliyobaki na lango lililokatika inaweza kukaa bila intaneti hadi dakika 10, kisha inahamia lango la upande wake. Kwa saa 12, ingeweza kukaa hivyo nusu siku. Upande wa batman-adv, weka `batctl gw_mode server` kwenye malango na `batctl gw_mode client` kwenye ruta nyingine, ili ombi la DHCP lipelekwe kwenye lango lenye njia bora badala ya kutapakaa mtandao mzima.

Kuna wanaotumia anwani za kujipangia za 169.254, zisizohitaji seva. RFC 3927 ya mwaka 2005 inaacha anwani 65,024 za kuchagua, na kifaa huuliza mara 3 kabla ya kuichukua moja. Ila huuliza wanaosikika wakati huo tu. Nusu mbili za vifaa 50 kila moja zina uwezekano wa karibu asilimia 3.8 wa kugongana zinapokutana. Si kubwa, lakini mtandao unaokatika kila siku utauona. Kifaa chenye adabu kikisikia mwingine anatumia anwani yake kinaweza kujitetea mara moja, na akisikika tena ndani ya sekunde 10, kinaiachia. Mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea hukatika hapo. Watafiti waliliona hili mapema. Mwaka 2002 Nesargi na Prakash walipendekeza kila kipande cha mtandao kiwe na kitambulisho chake, ili ruta mbili zikikutana na vitambulisho tofauti zijue kwamba huu ni muungano na zikague anwani. Mwaka huo huo Vaidya alipendekeza anwani iambatane na ufunguo, ili hata zikifanana pakiti zisipotee njia.

Kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani ndefu, mgongano ni nadra, isipokuwa mmenakili kadi ya SD au picha ya mfumo ikiwa na anwani ya MAC iliyoandikwa ndani. Ruta mbili zenye MAC moja zinaweza kuishi kwa amani kila moja upande wake. Siku zikikutana, batman-adv nayo itachanganyikiwa, kwa kuwa MAC ndiyo jina la ruta. Kabla ya kupandisha ruta paani, linganisheni MAC zote kwenye karatasi.

Na msisahau majina. Seva ya DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, ikiwa upande mmoja tu, upande wa pili utakuwa na anwani sahihi na njia sahihi lakini hakuna ukurasa wa ndani utakaofunguka. Kila lango liwe na dnsmasq yake (programu ya DNS) yenye orodha ile ile ya majina ya ndani.

Ruta iliyowashwa upya inachelewa kukubaliwa

*Natumia Babel. Ruta ikizimika ghafla na kuwaka, majirani wanaiona lakini njia ya kwenda kwake haikubaliwi kwa dakika mbili au tatu. (Msomaji, Kampala)*

Hiyo ni kinga dhidi ya njia zinazozunguka. Kila ruta huweka namba ya mfuatano kwenye matangazo yake, na wenzake hukataa habari yenye namba ya zamani, kwa sababu habari ya zamani inayozagaa baada ya mkatiko ndiyo inayotengeneza mizunguko. Ruta yako ilizimika ikiwa na namba, tuseme, 900, ikaamka na namba ndogo. Majirani wanaishuku. Babel hukumbuka namba ya mwisho ya kila chanzo kwa dakika 3, na ndizo unazoziona. Mhimize babeld, programu ya Babel, ahifadhi hali yake kwenye faili isiyofutika, au umruhusu achague kitambulisho kipya kila anapowaka kwa mpangilio wa `random-id`. Akija na jina jipya hana historia ya kulinganishwa nayo. Katika batman-adv kinga kama hiyo ipo na hudumu hadi sekunde 30.

Mtandao mzima uliganda mara tu nusu mbili zilipokutana

*Taa zote za ruta zinawaka bila kukoma, ping haipiti hata kwa jirani wa karibu. (Msomaji, Mombasa)*

Tunabashiri kuna kebo. Ruta mbili, moja kila upande, zimeunganishwa na swichi moja ofisini. Wakati wa mkatiko kebo ilikuwa ndiyo daraja na hapakuwa na tatizo. Redio ziliporudi, njia zikawa mbili, na tangazo la wote lililotoka kwa simu moja likaingia kwa kebo, likatoka kwa redio, likarudi kwa kebo bila kikomo. Chomoa kebo moja. Taa zikitulia ndani ya sekunde chache, ndiyo hiyo.

Hakikisha kila ruta inajibu "enabled" kwa amri `batctl bl`, na kama sivyo iwashe kwa `batctl bl 1`. Kinga hii dhidi ya mizunguko ya kebo huwafanya ruta wenye kebo moja wagawane wateja: kila kifaa kina ruta moja tu inayokisemea, na `batctl cl` itakuonyesha nani anamsemea nani. Ni lazima iwashwe kwenye ruta zote zilizogusa kebo hiyo. Ikiwashwa kwenye moja tu haisaidii.

Vocha moja imetumika pande zote mbili

*Kila upande una Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye hifadhidata ya vocha. Mtandao ulipokatika, mteja mmoja alitumia vocha ya saa 24 upande huu, na namba ile ile ikatumika upande wa pili. Zilipoungana hesabu hazikulingana. (Msomaji, Arusha)*

Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya leo, na hakuna mpangilio wa ruta utakaolitibu. Mwaka 2000 Eric Brewer alisema, na mwaka 2002 Gilbert na Lynch wakathibitisha kihisabati, kwamba wakati wa mkatiko lazima uchague: ama kila upande uendelee kuhudumia na pande ziweze kutofautiana, ama upande mmoja ukatae kuhudumia ili hesabu ibaki moja. Mnapaswa kuchagua kabla ya mkatiko, na kwa kila aina ya data peke yake.

Kwa fedha na chochote kinachotumika mara moja tu, njia ya kwanza ni wengi washinde. Seva mbili haziwezi kuwa na walio wengi. Zikitengana kila moja ni nusu. Wekeni ya tatu, hata ikiwa kifaa kidogo kisichohifadhi vocha bali kupiga kura tu, mahali ambapo mikatiko haielekei kukipata pamoja na upande mmoja. Upande wenye 2 kati ya 3 unaendelea, wenye 1 unasimama. Msiweke 4 mkidhani mmeongeza uimara: 4 zinahitaji 3 kukubaliana, kwa hiyo bado mnavumilia kupoteza 1 tu, sawa na mkiwa na 3.

Njia ya pili, ambayo kwa vocha tunaipenda zaidi, ni kugawana mapema. Mkichapisha vocha 200, 100 zenye herufi A ziwe halali kwenye seva A tu, na 100 za B kwenye seva B. Mtandao ukiwa mzima, seva A ikipokea vocha ya B inamuuliza mwenzake. Ukiwa umekatika, inakataa vocha ya B na kuhudumia za kwake. Hakuna upande unaosimama, na hakuna vocha inayotumika mara mbili. Kasoro yake ni kwamba mteja aliyevuka upande na vocha isiyo ya huko atasubiri. Mwandikieni hilo kwenye vocha.

Kwa hesabu za kujumlisha tu, kama idadi ya waliotembelea ukurasa, kuna njia nyepesi isiyohitaji ruhusa ya mtu. Kila seva iwe na safu yake ambayo yeye peke yake anaiongeza. Seva A ina kumbukumbu A=40, B=25. Seva B ina A=31, B=30. Zikikutana, chukueni kubwa ya kila safu: A=40, B=30, jumla 70. Rudieni muungano mara kumi, jibu halibadiliki. Miundo ya aina hii ilipewa jina la CRDT mwaka 2011.

Msiegemee kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye sahihi" kabla ya kuangalia saa. Raspberry Pi 3 na 4 hazina saa yenye betri. Zikiwaka bila intaneti huendelea na muda ziliouhifadhi mara ya mwisho. Upande uliokatika na kuzimika unaweza kuwa nyuma kwa saa nzima, na mabadiliko yake mapya yatafutwa na ya zamani ya upande wa pili. Wekeni moduli ya saa ya DS3231 na betri ya CR2032. Upotevu wake wa sehemu 2 kwa milioni ni karibu dakika 1 kwa mwaka. Na hata saa zikiwa sahihi, kwa kumbukumbu za wateja hifadhini matoleo yote mawili na mtu aamue.

Angalieni pia kufuta. Ukifuta mteja upande A wakati wa mkatiko, upande B bado anaye, na wakati wa muungano B atamrudisha kana kwamba ni mpya. Badala ya kufuta mstari, uwekeeni alama kwamba umefutwa, na alama hiyo idumu kuliko mkatiko mrefu mnaoutarajia. Hifadhidata ya Cassandra, kwa mfano, huitunza alama hiyo siku 10 kwa kawaida.

Vijiji viwili visivyoungana kamwe, ila boti inapita

*Kutoka kisiwani hadi bara redio haifiki. Boti huvuka mara mbili kwa siku. Je, ruta ndani ya boti inaweza kubeba ujumbe? (Msomaji, Mafia)*

Inaweza, na imeshafanyika. Mradi wa DakNet, uliotokana na watafiti wa MIT, ulitumia mabasi nchini India na pikipiki nchini Kambodia kubeba barua pepe za vijiji. Ila huwezi kutumia programu za kawaida zinazotaka jibu papo hapo. Muunganisho wa TCP hautasubiri boti. Unahitaji mtindo wa kuhifadhi na kupeleka, ambao umeelezwa katika RFC 4838 ya mwaka 2007, na itifaki yake ya sasa ni RFC 9171 ya mwaka 2022. Programu kama dtn7 na ION zinaitekeleza. Hiyo ya 2022 ina sehemu ya umri wa kifurushi, yaani kifaa kisicho na saa sahihi huhesabu muda ambao kifurushi kimekaa kwake, badala ya kutegemea tarehe. Kwa boti hilo ni muhimu.

Utaratibu wa kukutana ni huu: kwanza pande mbili hubadilishana orodha fupi ya vitambulisho vya walivyobeba, kisha kila mmoja huomba asichonacho tu. Vahdat na Becker wa chuo kikuu cha Duke waliueleza mwaka 2000. Kila ujumbe uwe na kitambulisho cha mtumaji na namba yake, ili ukifika kwa boti mbili usomeke mara moja.

Piga hesabu ya uwezo. Boti inayokwenda kilomita 10 kwa saa ikipita karibu na ruta yenye umbali wa kusikika mita 300 itakuwa na mita 600 za mawasiliano, yaani sekunde kama 216. Ondoa kama 16 za kushikana. Kwa kasi halisi ya Mbps 10, sekunde 200 zinabeba takriban MB 250. Ni maandishi mengi sana na picha za kutosha, ila video chache tu. Tumeni yaliyo mafupi kwanza, na mpe kila kifurushi muda wa kufa, mathalani siku 7, ili diski ya boti isijae barua ambazo zimeshafika.

Nitajaribuje kabla ya siku yenyewe?

*Sitaki kungoja mvua za masika ndipo nijue. (Msomaji, Bukavu)*

Chagua saa ambayo watu ni wachache. Weka kompyuta moja kila upande na uanzishe ping kutoka moja hadi nyingine, ukiandika saa. Nenda kwenye ruta ya katikati ukiwa na kebo mkononi, kwa kuwa ukizima redio yake kwa `wifi down` hutaweza kuifikia kwa njia ya hewa.

Kata kwa sekunde 10, kisha `wifi up`. Ping zitapotea chache. Anwani na kurasa za ndani zisibadilike. Kisha kata dakika 5, ili upite zile sekunde 200 za batman-adv, na wakati huo fungua ukurasa wa ndani kwa jina lake pande zote mbili: hapo ndipo DNS iliyosahaulika hujitokeza. Kisha kata dakika 15, uvuke muda wa kukodisha, na uunganishe simu mpya kila upande. Angalia imepata anwani ya hodhi gani. Kila mara andika sekunde kutoka redio kurudi hadi ping ya kwanza kujibu. Ikizidi dakika 1, na hutumii chaneli inayolazimika kusikiliza rada kwanza, tafuta kwa mpangilio: `station dump`, `batctl n`, `batctl o`, halafu anwani.

Ping ndogo zikipita lakini kurasa zikiganda, kagua MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti. Batman-adv huongeza kichwa chake kwenye kila pakiti, na kiolesura cha chini kinataka 1532. Kiungo kimoja kilichobaki na 1500 hulazimisha pakiti kubwa kukatwa vipande viwili, na kama ukataji umezimwa, pakiti hizo hupotea.

Jaribio la mwisho ndilo linaloogopwa na ndilo lenye faida: ukiwa umekata, chomoa umeme wa ruta zote za upande mmoja, seva ikiwemo, ziwashe, subiri dakika 5, andika kitu kimoja kwenye hifadhidata ya kila upande, ndipo urudishe kiungo. BSSID ya kubahatisha, namba za mfuatano, saa ya Raspberry Pi na data zinazogongana zote hujitokeza hapo kwa pamoja. Ukiona zaidi ya tatizo moja, anza na la redio. Yaliyo juu yake hayapimiki kabla hiyo haijatulia.